Kiti cha Upande wa Kulia

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko kwenye baridi? U mzima? Kile kikohozi ulichokuwa unakohoa kwenye simu mpaka nikatamani kukupiga mgongoni kimeisha? Usinijibu "kidogo kidogo", maana wewe ni muuguzi, na wauguzi ndio wagonjwa wabishi kuliko wote. Sisi huku tu wazima. Miguu yangu inavimba kwa kusimama saluni kutwa, lakini hilo si geni. Wifi yako hajambo, na watoto hawajambo, wanakula kama wanalipwa.

Barua yako niliipata, na najua unachosubiri. Ulisema ile kazi ya kusimamia ghala uliyomtafutia kaka yako huko haiwezi kusubiri milele, na mwenye ghala anataka jibu. Umeuliza na kuuliza, mimi kimya, ukadhani nimenuna. Sijanuna. Sikuwa na jibu la kukupa. Sasa ninalo, ila unisome mpaka mwisho, usiruke kama unavyoruka maelezo ya dawa zako mwenyewe.

Kwanza nikueleze hali ilivyokuwa, maana kaka yako kwenye simu alikuficha. Wewe unajua tu kwamba kampuni inaziondoa zile jeti zake ndogo za abiria hamsini, zilizokuwa fahari ya uwanja wakati unaondoka. Zimezeeka, mdogo wangu. Kiwanda kiliacha kuziunda zamani, vipuri havipatikani, na zinakunywa mafuta karibu sawa na ndege inayobeba watu mara mbili yake. Siku moja alinipeleka kuziona. Zinazoruka zimebaki tatu. Nyingine zimeegeshwa pembeni ya uwanja, nyasi zimefika kwenye magurudumu, injini zimefunikwa turubai, nyingine hata milango imeng'olewa kuwapa wenzao. Kaka yako alizitaja moja moja, hii ilikuwa na breki kali, hii ilikuwa na kiti kinachopiga kelele. Nilihuzunika kana kwamba tunatazama watu.

Mimi nilidhani rubani ni rubani tu. Dereva si anaendesha gari lolote? Kumbe wapi! Rubani anapewa cheti cha ndege ya aina fulani, na kila aina ina masomo yake na mtihani wake. Ndege ikistaafu, cheti chake unakitundika ukutani. Kaka yako ana miaka zaidi ya ishirini kwenye jeti ile, mingi akiwa kapteni, lakini kila alikopeleka maombi, wakisikia jina la ndege yake wanamwambia asante, tutakupigia. Mwenzake mmoja sasa anauza vigae. Mwingine amekwenda mbali huko kurusha jeti hizohizo zikibeba mizigo, maana zipo kampuni chache ambazo bado zinazitumia na zinawatafuta sana wanaozijua. Ila mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na ndege zenyewe ni zilezile, zinachoka kila siku.

Kampuni yake ikatoa neno moja. Anayetaka kubaki ajifunze ndege mpya, ile kubwa, na aanze upya kwenye kiti cha kulia. Kushoto hukaa kapteni, kulia hukaa msaidizi wake. Mtihani unafanyika ndani ya mashine inayoiga ndege, wao wanaiita simuleta. Ukianguka mara mbili, unakabidhi kitambulisho cha uwanja unakwenda zako.

Mara ya kwanza akaanguka.

Siku ile aliingia, akavua viatu, akavipanga vizuri mlangoni, akapitiliza chumbani. Wifi yako akanitazama, nami nikamtazama. Nilikaribia sana kukuandikia kwamba kazi ya ghala anaitaka, tena kwa mikono miwili.

Alipokuja kutulia ndipo akanieleza. Kwenye ndege ya zamani, kitufe cha kushughulikia moto wa injini kiko mbele, usawa wa macho. Kwenye mpya kiko juu ya kichwa. Kengele ya moto ilipolia kwenye simuleta, mkono wake ukaenda mbele wenyewe, hakuutuma. Na pale mbele kwenye ndege mpya pana kitufe cha kuielekeza ndege. Akakibonyeza. Injini inawaka moto, na ndege nayo ikaanza kugeukia milimani. Mtahini akasimamisha mashine. Fikiria, mtu aliyewapeleka maelfu ya watu na kuwarudisha salama, halafu anaangushwa na mkono wake wa kulia.

Basi nyumba ikageuka ndege. Alichapisha picha kubwa za chumba cha marubani, kila kitufe na kila taa kwa ukubwa wake halisi, akazibandika kwenye mlango wa kabati. Ile sehemu ya juu akaining'iniza kwa kamba kutoka darini. Chini yake akaweka viti viwili vya mezani. Wifi yako anapika huku anapiga kelele, "Moto! Injini ya kushoto!" na kaka yako anainua mkono kugusa karatasi. Watoto nao wamejifunza, wanakatiza tu sebuleni na kupayuka, "Moto!" Siku ya tatu mwenye duka la rangi akapanda ngazi mbio na kizimamoto chake kifuani, maana mtu mwenye mapipa ya rangi chini yenu hawezi kusikia neno hilo akakaa. Akamkuta mtu mzima kaketi chini ya karatasi zinazoning'inia. Alisimama mlangoni anahema, hajui acheke au atukane. Siku hizi tukikutana ananiuliza, "Leo mnaungua saa ngapi?"

Katikati ya hayo ikaja simu kutoka kwa wale wa mizigo. Wanamtaka awe kapteni, jeti yake ileile, kiti chake kilekile cha kushoto, na nyumba ya bure juu yake. Aanze mara moja. Kumbuka mtihani wa pili alikuwa bado hajaufanya. Akawashukuru, akakataa. Nilimpandishia sauti, usiniulize! Nilimwambia, "Wewe una wazimu? Cha uhakika unakiacha, unashika cha kubahatisha?" Akanijibu taratibu, "Dada, nikienda kule nitakuwa nimeahirisha tu. Miaka mitatu ijayo nitakuwa nimekaa hapahapa chini ya karatasi hizihizi, nimezeeka zaidi." Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi moja simuleta ilikuwa haina mtu, wakampa saa ya kujifunza. Akaniambia, twende ukaone. Nilidhani nitaona kitu kama michezo ya watoto kwenye televisheni. Mdogo wangu, ni jumba! Ndani kuna chombo kikubwa kama chumba, kimesimama juu ya miguu mirefu ya chuma, unapita juu ya daraja kukiingia. Nikafungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma. Kushoto alikaa binti mmoja, kapteni wa hizo ndege mpya. Kaka yako alimfundisha akiwa mwanafunzi, akambandika jina la Kimya kwa sababu hakuwa anasema neno. Hata sasa maneno anayapima kwa kijiko. Tena alikuwa anamwita kaka yako "Kapteni", na yeye binti ndiye mwenye mistari minne ya kapteni mabegani!

Taa zikazimwa, mbele kukatokea uwanja, na tukaondoka. Nakuapia mwili wangu haukujua kwamba hatujatoka ndani ya jengo. Niligandamizwa kwenye kiti, tumbo likabaki chini, mawingu yakanijia usoni. Nilishika mkono wa kiti mpaka kucha zikauma. Tukiwa juu, kengele ikalia kwa ghafla, taa nyekundu, chombo chote kikaanza kutikisika. Moto wa injini. Nikajua hapa ndipo alipoangukia.

Mkono wake ukanyanyuka kwenda mbele. Niliuona. Ulifika nusu ya safari.

Kimya akasema, bila hata kugeuka, "Kapteni, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwanza mikono mapajani."

Akaurudisha. Akaweka viganja vyote viwili juu ya mapaja, akatulia. Kengele inapiga makelele, kila kitu kinatetemeka, mimi huku nyuma nataka kupiga mayowe, naye ametulia tu, anatazama. Kisha akalitaja tatizo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Akanyanyua mkono juu, akakionyesha kitufe sahihi, akangoja Kimya akubali, ndipo akakibonyeza. Halafu kingine. Halafu kingine. Wanaulizana na kujibizana maneno mafupi mafupi, hakuna anayeharakisha, na mawingu yanapita. Kengele ikanyamaza. Wakatushusha kwa injini moja, taratibu, mpaka magurudumu yakagusa.

Jamani! Mtu huyu nimemwogesha. Nimemfukuza na mwiko kwa kuiba sukari. Nimekaa naye nyumba moja maisha yake yote, nilijua anapenda mayai yaive sana na anakoroma, basi nikadhani namjua. Kumbe kila siku alikuwa anatoka mlangoni kwangu anakwenda kufanya hayo, na jioni anarudi kuuliza chumvi iko wapi. Nilimtazama kisogo chake, zile mvi, nikaogopa, lakini ile hofu ya heshima. Na kilichonishangaza kuliko vyote si yale anayoyajua. Ni kwamba mtu wa umri ule alikubali kuukanya mkono wake kama mtoto, mbele ya mwanafunzi wake, wala hakununa. Alicheka tu, akasema, "Tena." Wakarudia mpaka saa ikaisha, na mkono haukwenda mbele tena.

Siku ya mtihani nilikuwa saluni nasuka. Upande mmoja wa kichwa cha mteja wangu ulikuja kama njia ya konokono, nikaufumua, naye akaniuliza nina nini, nikasema meno. Alasiri kaka yako akatokea mlangoni na sare yake. Akasema, "Nimepita." Nilimkumbatia na mikono yangu imejaa mafuta ya nywele, shati jeupe lile likaharibika kabisa, na mke wake mpaka leo ananitania.

Juzi ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza akiwa mwenyewe na kapteni, bila mkufunzi nyuma yao. Watu wa nyumbani walipewa nafasi mbili. Mimi, ambaye sijawahi kupanda ndege ya kweli katika maisha haya, nikavaa viatu vipya, nikaenda. Nilikaa dirishani, wifi yako katikati, na bwana mmoja mwenye magazeti pembeni. Kabla ya kuondoka, kile kipaza sauti kikakwaruza. Desturi ni kapteni azungumze na abiria, na kapteni siku hiyo alikuwa Kimya. Akampa kaka yako nafasi hiyo.

"Mabibi na mabwana, habari za asubuhi. Mimi ni ka..." akakatika. Miaka yote hiyo alikuwa akisema "Mimi ni kapteni wenu." Wifi yako akanishika kiganja, akakibana. Ndege nzima ilikuwa inahangaika na mikanda na mabegi, hakuna aliyegundua kitu. Sisi wawili tu ndio tuliosikia.

Kisha akasema, wazi, kwa ile sauti ya kuomba chumvi, "Mimi ni rubani msaidizi wenu. Karibuni sana."

Nikapiga makofi. Peke yangu, ndani ya ndege iliyosimama, na machozi yananitoka. Yule bwana akashusha gazeti, akaniuliza kama ninaogopa kuruka. Nikamwambia, "Hapana, baba. Huyo anayesema ni mdogo wangu."

Kwa hiyo mwenye ghala mwambie asante sana, amtafute mtu mwingine.

Wifi yako anakusalimu, anauliza ile picha ya chumba chako kipya iko wapi. Watoto wanakusalimu na wanataka soksi za huko, zile nene. Mwenye duka la rangi naye kasema nikusalimu, sijui anakujuaje. Kaka yako ameondoka alfajiri, ameacha salamu zake juu ya meza, na anasema usimwonee huruma, dirisha la kulia nalo linaonyesha mbingu yote.

Mungu akufunike huko uliko, kifua kikukae sawa, na zamu zako za wodini ziwe nyepesi.

Wako akupendaye, na anayekudai simu ya Jumapili,

Dada yako.