Sikumwona Uso, na Mtaa Mzima Unataka Niseme Ni Yeye

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba uniokoe kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo naitwa mahakamani kutoa ushahidi na hadi sasa sijui mdomo wangu utasema nini. Mimi ni mama wa mtoto mmoja anayeota meno, napiga pasi nguo za watu nyumbani, shule niliishia ya msingi, kwa hiyo nikikosea kuandika uniwie radhi.

Ilikuwa asubuhi, nimemweka mtoto kwenye beseni namwogesha, mlango wa jikoni nimeuacha wazi ili mvuke utoke, mara nasikia chuma kinagonga kizingiti, kugeuka namwona mwanamume anatoka na mtungi wangu wa gesi begani, na uso wake, mshauri wangu, umezibwa na huo huo mtungi, nikaona mgongo na miguu basi, nami siwezi kumwacha mtoto kwenye maji, nikapiga yowe, mwizi, mwizi, na majirani, Mungu awabariki, waliacha kila kitu wakatoka mbio, na kwenye kona ya kinyozi wakamkuta mtu ana mtungi begani, rangi ile ile, wakaanza kumshukia kwa fimbo.

Saluni ya wifi yangu inatazamana na kinyozi. Alitoka na chanuo mkononi, akamkamata yule mtu ukosi, akamwingiza ndani akamkalisha chini ya mashine ya kukaushia nywele, katikati ya wateja, halafu akarudi akaziba mlango kwa mwili wake. Watu wakamwambia, "Dada, toka hapo, unamtetea mwizi?" Akawajibu, "Simtetei mwizi, najitetea mimi. Leo mnampiga huyu bila kumuuliza, kesho mtasema nimeiba mume wa mtu, nani ataniuliza?" Jirani mmoja akadakia, "Mume gani wa kuibwa mtaa huu, labda wa kuokotwa!" Watu wakacheka, na nadhani kile kicheko ndicho kilichomwokoa, kwa sababu mtu akicheka fimbo hushuka yenyewe. Mpaka polisi wanafika wifi hajatikisika pale mlangoni, na mimi tangu siku hiyo nikimwona namwona mrefu zaidi.

Siku ya kwanza mahakamani nilikwenda nimembeba mtoto, nikidhani naenda mahali pa kufokewa. Kumbe hakimu ni mama mmoja wa miwani, mpole wa sauti, akaona yule mtu anachechemea akaagiza apewe kiti. Akamuuliza kama anaielewa lugha inayozungumzwa. Akamwambia ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuleta mashahidi wake, na ana haki ya kumuuliza maswali kila shahidi atakayesema dhidi yake. Nilishangaa jamani, mtu ambaye mtaani hakupewa hata nafasi ya kutaja jina lake, hapa serikali nzima imekaa kimya inamsubiri yeye aseme. Nilisikia raha ambayo sijui niielezeje, nikamtazama mwanangu nikasema moyoni, kumbe na wewe ukija kusingiziwa siku moja kuna chumba watakusikiliza.

Ila raha ikaingia shubiri, kwa sababu wa kuulizwa maswali ni mimi. Yule mtu anasema mtungi ni wake, alikuwa ametoka kubadilisha dukani, na mwenye duka anasema asubuhi ile alihudumia watu wengi, hakumbuki. Na mitungi unaijua, unapeleka mtupu unapewa uliojaa, kila mara mwingine, nani huwa anaukagua? Polisi waliponionyesha nilisema unafanana na wangu, na kweli unafanana, lakini unafanana na wa mama mkwe pia, na wa kila jiko pale mtaani.

Sasa mtaa mzima unaniambia, "Wewe sema ni yeye, yaishe." Kinyozi kaniambia mbele za watu, "Tumekimbia kwa ajili yako mpaka malapa yakakatika. Ukisema humjui, siku nyingine ukipiga yowe sisi tutaongeza sauti ya redio." Mama mkwe naye, "Mwanangu, jirani ndiye ndugu wa karibu, huyo hakimu utamwona mara moja tu maishani." Mume wangu anasema niseme nilichokiona, halafu anaguna, "Lakini ujue maji tunachota nao bomba moja." Na jamaa mwenyewe hasifiki, wanasema aliwahi kuwavizia kuku wa watu, na kuna wakati moyo wangu unaniambia ni yeye tu. Nimewaza niseme mtoto anaumwa nisiende kabisa, wifi akasema nikithubutu atanisuka kichwa cha aibu cha kunifungia ndani mwezi mzima, anatania lakini macho hayacheki.

Nifanyeje? Hawa watu waliacha kazi zao wakakimbia kwa ajili yangu, nami nawapenda, sitaki kuwaaibisha. Lakini uso sikuuona.

Ni mimi, Mama Kichanga.

*

Mama Kichanga, marahaba. Pole kwa mtungi, na hongera kwa kutomwacha mtoto majini, mitungi inauzwa. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Homa ya mtoto usiitunge. Mtoto wa meno homa humjia yenyewe bila kualikwa. Tena wito wa mahakama si mwaliko wa harusi, kwamba ukichoka unatuma salamu. Ni amri, na ukikaidi bila sababu ya kweli unaweza kujikuta na kesi yako mwenyewe.

Unasema moyo unakuambia ni yeye. Moyo wako haukuwa jikoni, yalikuwepo macho yako, na macho yameona mgongo na miguu. Nenda na hivyo hivyo ulivyo navyo. Na kuku wa watu waache kwa wenye kuku, kesi hii ni ya mtungi.

Unaogopa utamwachia mwizi. Nani kakupa kazi ya hakimu, mwanangu? Wewe umebeba kipande kimoja tu, wengine wataleta vyao, na yule mama wa miwani ndiye atakayeviunganisha. Huenda jamaa ni mwizi kweli na huenda akaenda nyumbani. Inauma, sitakudanganya. Lakini kanuni hiyo hiyo, ya kutomfunga mtu bila ushahidi, ndiyo itakayomrudisha mumeo kwako siku atakapokutwa kwenye kona ametoka kubadilisha gesi na mtu akapiga yowe.

Wifi yako mpe mkono wangu. Sheria tunaisikia imelala kwenye vitabu vinene, asubuhi ile ilikuwa imesimama mlangoni na chanuo. Na wewe nawe usijidharau, maana darasa uliloishia halikukuzuia kuona ukubwa wa kile kiti alichopewa mshtakiwa. Wapo waliosoma hadi wakazeeka na hawajauona.

Majirani washukuru, tena nyumba kwa nyumba, kabla ya Alhamisi. Washukuru kwa mbio, fimbo usizitaje. Waambie mapema utakachosema, wasije wakakisikia kwa wengine. Mahakama ni ya wazi, kwa hiyo mwalike kinyozi afunge kibanda aje asikilize, na mama mkwe aje akushikie mtoto. Mtu ni vigumu kumnunia shahidi wakati amempakata mjukuu. Atakayekutisha, si kwa maneno ya redio bali kweli kweli, mtaje kwa mwendesha mashtaka siku hiyo hiyo.

Huyo mwendesha mashtaka mfikie asubuhi na mapema umweleze waziwazi kwamba uso hukuuona. Ndugu za mshtakiwa wasalimie, usikae nao pembeni kunong'ona. Mnyonyeshe mtoto kabla hujaitwa. Ukiulizwa kama ulimwona uso, jibu, "Hapana." Ukiulizwa kama mtungi ni wako, jibu, "Unafanana." Mshtakiwa akikuuliza yeye mwenyewe, mtazame na umjibu kwa adabu, ni haki yake. Halafu nyamaza. Kimya cha chumba kile kitakuvuta uongeze neno la kuwafurahisha watu, usiongeze. Chukua mtoto wako, rudi nyumbani, nguo za watu zinasubiri pasi.