Walivyolifuta Jina la Anti Effie

Jumapili, katikati ya Novemba. Walthamstow.

Mvua imeanza alfajiri na bado inanyesha, hii mvua ya Landani isiyojua kunyesha ikaisha. Leo sikuenda kanisani. Nimewaambia watu wa humu ndani kwamba kichwa kinaniuma, na wameniamini kwa sababu macho yangu yamevimba. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa kuwa sina pa kuipeleka.

Ndiyo maana naandika.

Kwa asiyenijua: mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Nakuru. Tangu Mei naishi hapa kwa binti yangu Neema, ambaye ni nesi, nikimlelea mapacha wake. Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na moja Uskoti, mashambani kabisa, mahali ambapo kondoo ni wengi kuliko watu na basi hupita mara mbili kwa siku, tena likijisikia. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Nikasikia wanaimba zaburi kwa tuni ileile aliyokuwa akiiimba baba yangu jikoni akichemsha chai, maana Upresbiteri wetu sisi uliletwa na haohao Waskoti. Nililia mbele za watu, na mama mmoja akanipa leso bila kuniuliza kitu. Nikabaki.

Baada ya miaka mitatu wakanifanya mzee wa kanisa. Mwanamke, mweusi, mgeni, mzee wa kanisa! Nilimpigia dada yangu Nakuru tukacheka mpaka salio likaisha.

Lakini usidhani lilikuwa kanisa kubwa. Jumapili njema tulikuwa watu kumi na wanane, pamoja na mbwa wa jamaa mmoja. Mchungaji alikuwa mmoja kwa makanisa manne, anazunguka na kigari chake kwenye matope, kwa hiyo sisi tulipata ibada Jumapili moja ndiyo, moja hapana. Kila kitu kilikwenda kwa zamu: zamu ya maua, zamu ya kuwasha hita Jumamosi ili kesho yake tusigande, zamu ya supu. Kukosa zamu ya supu ilikuwa dhambi kubwa kuliko uzinzi. Nilizipenda zamu zile, sina haja ya kuficha. Hapa Landani jirani ninayechangia naye ukuta hajui jina langu. Kule, pazia langu likichelewa kufunguliwa, saa tatu mtu ameshabisha hodi.

Sasa habari ya kadi, maana bila kadi hutanielewa.

Kule kila mzee wa kanisa hupewa nyumba zake. Zangu zilikuwa kumi na nne. Mara nne kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, unakwenda nyumba kwa nyumba ukimpelekea kila mshiriki kadi yenye jina lake, kwa mkono wako, si kwa posta. Unakunywa chai, unauliza mgongo unaendeleaje. Siku ya Meza mshiriki anakuja na kadi yake na kuiweka kwenye sahani pale mlangoni. Baadaye karani wa kanisa anakaa na zile kadi na daftari la washiriki, anatia alama: huyu alishiriki, huyu hakushiriki. Ukikaa miaka kadhaa bila alama, baraza la wazee linaweza kukuondoa daftarini. Ndivyo kanisa linavyojua nani ni wake.

Anti Effie alikuwa nyumba yangu ya mwisho, kule barabara inakokomea. Ana miaka tisini na mmoja, hakuolewa. Alibatizwa katika kanisa lile na akapiga kinanda mle miaka arobaini, mpaka alipovunjika nyonga akashindwa kutoka. Tangu hapo mimi na mchungaji tulimpelekea mkate na divai nyumbani, kila Jumapili ya Meza, alasiri. Mimi nilimwita Anti, yeye aliniita "msichana". Mimi, mwenye wajukuu! Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama yangu afe.

Kadi yake nilipaswa kuichukua nikamkabidhi karani. Sikuichukua. Mara ya kwanza aliniomba abaki nayo, akaisimamisha kando ya saa, nami nikaona kuna ubaya gani? Nikamwambia karani kwa mdomo tu kwamba Anti Effie ameshiriki. Karani wakati ule alikuwa Mzee Alec, mtu aliyejua kila mtu kijijini pamoja na paka wake. Akasema sawa. Wala hakuandika popote, kwa nini aandike na yeye anajua? Ikawa desturi yetu sisi watatu, miaka minne.

Mzee Alec akafariki Machi. Mei nami nikahama.

Nilimwachia karani mpya, Bi Sheila, mwalimu mstaafu anayetembea na kalamu tatu, orodha ya nyumba zangu kumi na nne. Majina na anwani, basi. Habari ya kadi haikunijia hata kichwani.

Alhamisi hii nilikuwa sokoni hapa Walthamstow nachagua ndizi simu ikalia. Alikuwa Jean, jirani wa Anti Effie, yule anayemnunulia mkate na maziwa. Akaniambia kwamba wiki tatu zilizopita Anti Effie alipata barua kutoka kanisani. Kwa kuwa hajashiriki Meza ya Bwana kwa miaka minne, jina lake limeondolewa katika daftari la washiriki. Karatasi moja, imepigwa chapa, sahihi chini. Anti Effie aliisoma, akaikunja, akairudisha katika bahasha yake. Siku ya tatu akamtuma Jean amwambie mchungaji asijisumbue kuja tena, na kwamba akifa watamtoa nyumbani moja kwa moja hadi kaburini, asipitishwe kanisani. Mchungaji akamwendea. Hakumfungulia mlango. Na moyo wake umechoka, Jean anasema, mwezi huu daktari ameshaitwa mara mbili.

Nilibaki nimesimama pale mbele ya ndizi, muuzaji ananiuliza mama unachukua au huchukui.

Niliwaka. Nilirudi nyumbani, nikawawekea watoto katuni, nikakaa nikamwandikia Bi Sheila barua pepe isiyokwisha, nakala kwa mchungaji, nakala kwa wazee wote. Nilimpa vidonge vyake! Nilisema wanahesabu makaratasi badala ya watu. Nilisema kwetu Kenya mzee wa kanisa akimfanyia bibi wa miaka tisini jambo kama hilo akina mama wangemfukuza kwa mwiko. (Uongo mtupu. Kenya pia tunafuta watu, tena kwa kelele.) Nilisema aibu imwangukie yeyote aliyeishika ile kalamu. Nikabonyeza, ikaenda, na haki ya Mungu kwa muda wa saa nzima nilijisikia nabii.

Ijumaa akanijibu, mistari michache tu. Wakubwa wa presibiteri, baraza linalosimamia makanisa yote ya eneo lile, wanataka kufunga baadhi ya yale makanisa manne, na kabla ya kuamua wanataka hesabu safi ya washiriki, kwa hiyo ilimbidi apitie daftari jina kwa jina. Wazee waliipitisha orodha kwa mkupuo, mchungaji akiwa kanisa lake jingine, hakuyaona majina. Nyumba zangu hazikupata mzee mwingine baada yangu, hakuna aliyebaki mwenye nguvu za kuzichukua. Akaniambatishia picha ya ukurasa. Nikaukuza kwa vidole. Mbele ya jina la Anti Effie, miaka minne, visanduku vyote vitupu. Kisha akauliza, kwa ile adabu yao inayokata: je, kulikuwa na jambo ambalo ingefaa nimweleze? Mwisho akanikumbusha kwamba Septemba alinipigia simu mara mbili, akitaka kuniuliza juu ya watu wangu.

Alinipigia. Ni kweli.

Niliiona ile namba. Mara ya kwanza mapacha walikuwa bafuni, hapo sina kosa. Mara ya pili nilikuwa nimekaa, chai mkononi, watoto wamelala. Nikaiangalia simu inavyolia nikasema hawa nao, si nimeshaondoka? Nikaigeuza kifudifudi mezani. Nilidhani wananitafutia zamu ya kitu fulani.

Basi Ijumaa yote nilizunguka humu ndani nikitafuta wa kumlaumu. Nilimlaumu Mzee Alec, marehemu wa watu, Mungu anisamehe. Nilimlaumu Bi Sheila, na kwa hilo moja bado namlaumu: kwake hadi kwa Anti Effie ni dakika kumi kwa gari, angekwenda akamwona kwa macho. Huwezi kumpelekea mtu wa miaka tisini na mmoja karatasi kama unamkatia maji. Lakini nani kule kazi yake ni kwenda kuona kwa macho? Ni mzee wa nyumba hiyo. Na mzee wa nyumba hiyo alikuwa Walthamstow, anageuza simu kifudifudi.

Jana niliwaandikia wote tena. Hii ilikuwa fupi. Nilisema kosa ni langu, nikaeleza habari ya kadi, nikamwomba Bi Sheila msamaha kwa maneno niliyomtukania. Vidole vilikuwa vizito kweli kweli. Mtu unapotapika hasira mbele ya wazee wote, kuyalamba yale matapishi nako ni mbele ya wazee wote.

Leo baada ya ibada wazee watano waliobaki wakakaa, wakalirudisha jina. Saa saba mchana Bi Sheila akanitumia ujumbe: limerudishwa, ni nani atamwambia?

Kana kwamba kulikuwa na wa kuchagua.

Nikapiga. Kuzungumza na Anti Effie lazima upaze sauti, kwa hiyo nyumba nzima ilinisikia nikipiga kelele kwa Kiingereza changu, mapacha wakapunguza televisheni wapate kusikiliza vizuri. Nikamwambia jina lako limerudi, Anti. Nikamwambia halikupaswa kufutwa, kosa lilikuwa langu mimi, nikamweleza yote hadi simu mbili za Septemba. Halafu akaniuliza polepole:

"Kwa hiyo si wewe uliyewaambia wanifute?"

Sikuelewa. Akaanza kunieleza kwa utaratibu, alivyokuwa akinieleza zamani namna ya kuwasha jiko lake la makaa. Tangu yeye mtoto, jina la mtu halifutwi mpaka mzee wa nyumba yake aseme. Ndiyo desturi ya kanisa lao. Na mzee wake ni mimi. Barua ilipofika hakumfikiria Bi Sheila, hakumfikiria mchungaji. Alinifikiria mimi.

"Ulisema utarudi Agosti," akaniambia. "Agosti ikapita na hukupiga hata simu. Nikajua umemaliza na mimi."

Nikamwambia Anti jamani, mimi? Ningewezaje mimi kufanya hivyo?

"Sikushangaa sana, msichana. Watu huchoka."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Wiki tatu nzima mtu huyu amekaa peke yake mwisho wa ile barabara akiamini kwamba mimi ndiye niliyemtoa katika kanisa alilobatizwa, na akanipatia hata sababu. Amenisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya. Na lile nililolifanya, kumwambia Agosti halafu nikanyamaza miezi sita kwa kuwa nilikuwa na shughuli zangu, hilo hakuliita kosa. Aliliona ni kawaida ya watu. Nililia simu ikiwa sikioni, na nadhani hakusikia, au alijitia hakusikia.

Nikamuuliza kama sasa atamfungulia mchungaji. Akasema mchungaji ni mtu mwema lakini aliyekuwa anakuja kwake ni mimi. Nikamwambia nitakuja Krismasi.

"Krismasi ni mbali," akasema. Akaniaga vizuri, akakata.

Neema alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Nikamwambia atafute mtu wa kukaa na watoto, Jumanne hadi Alhamisi. Akaniuliza na shifti zake je, nikasema sijui. Akaniuliza, kwani mama, huyo ni nani wetu? Nilianza kumweleza nikaona siwezi, mambo ya kadi na nyumba kumi na nne, nani wa hapa atayaelewa. Nikamwambia ni mtu wangu. Amenuna, anagonga sufuria huko jikoni mpaka sasa. Anune.

Treni ni ya Jumanne asubuhi. Nimeshamwandikia Jean anipokee stesheni, nimemwandikia na mchungaji anikute kule alasiri. Anti Effie sijamwambia kwamba ninakuja. Maneno hayo ameshayasikia kutoka kwangu.