Kahawa Yangu Haijakataliwa

Jumatano, Mkumbi. Ukungu haujanyanyuka tangu alfajiri, na baridi ni ya kukaa jikoni. Ila moyoni nimetulia. Asubuhi sikuwa hivi.

Niliamka nikakuta ujumbe kwenye simu: kahawa yangu imekataliwa na chama cha msingi cha ushirika, imechanganyika na mbichi nyingi. Kahawa ile ndiyo mwaka wetu mzima.

Nikamvaa wifi yangu Kolumba, aliyenisaidia kuchuma. Nikamwambia macho yake hayajui nyekundu na kijani. Akajifunga kanga, tukaenda wote chamani. Karani akatazama daftari lake, akashangaa. Kahawa yangu imepokelewa tangu jana, safi, na ujumbe ule hakuutuma yeye.

Tukarudi nyumbani, nikamwonyesha binti yangu ujumbe ule.

Kumbe ulitoka nyumbani kwangu. Binti yangu Adela anaandika programu ya kuwatumia wakulima taarifa za kahawa yao, na chama kinaanza kuitumia Ijumaa. Ameijenga kwa vipande vidogo vidogo. Kipande ukikipa kitu kilekile, kinakurudishia jibu lilelile, na kila kinachohitaji unakikabidhi wewe. Kwenye majaribio anakikabidhi mtumaji wa bandia, asiyetuma kitu. Sasa kipande kimoja kilikuwa kinajichukulia mtumaji wa kweli.

Na mkulima wa majaribio ni mimi, kwa jina na namba yangu ya simu. Anasema jina langu ndilo linalomjia kwanza.

Mwanangu rangi ilimtoka. Ujumbe ule ungewafikia wakulima wote, kazi angeipoteza kabla ya kuianza.

Kutwa amepanga upya. Vipande vya kazi sehemu yake, vya majaribio sehemu yake. Vya majaribio vinaruhusiwa kuvitegemea vya kazi, lakini vya kazi visivitegemee vya majaribio hata kidogo. Mtumaji wa kweli anakabidhiwa mlangoni tu, programu inapowashwa. Mimi sikuelewa yote. Nilimpelekea viazi na chai, nikakaa karibu.

Jioni akaniambia, "Mama, weka simu mezani, tuisikilize."

Majaribio yakapita yote. Simu kimya.

"Haya wifi," Kolumba akasema, "na macho yangu je, yamepita?"

Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamwomba radhi. Amesema atafikiria.

Simu bado iko mezani, haisemi kitu. Sijawahi kuupenda ukimya wake namna hii. Kesho nitaishika bila woga.