Saa ya Matangazo

Shamba la miwa, karibu na Jinja
Jumapili, 9 Novemba 1997

Yaya Cansilde, dada yangu mkubwa,

Leo imetimia miezi mitatu tangu nipande lori pale Gisenyi, wewe ukiwa umenishikia mfuko. Mu wazima huko? Mguu wako unaendeleaje, na kikohozi cha watoto? Mimi mwili upo, ila si ule uliouaga. Majani ya miwa ni kama wembe, na mnyapara hajui neno kiu.

Bon, nakuandikia juu ya kanisa. Mchungaji alinipa mimi kuliongoza mpaka barabara itakapotulia aweze kufika, na mimi nikakuachia wewe, kwa sababu hakuna mzee wa kanisa anayejua watu kama unavyowajua. Sasa dereva wa lori Wenceslas ananiambia yule mwenyeji Gad analalamika. Anasema maombi ya Jumatano yanazunguka katika nyumba zetu tu, sisi tuliorudi kutoka Kongo, kule Masisi, na wenyeji tuliowakuta hawaambiwi ni kwa nani. Kule Masisi, baada ya mahubiri, mtu alisimama akatangaza nani mgonjwa, nani anasafiri, Jumatano tunaombea wapi. Hakuna aliyenuna. Kwa nini umeiacha saa ya matangazo?

Nisalimie Juvénal na mkewe Pulchérie. Hao ni wenyeji ambao hawajawahi kutuita wageni.

Mdogo wako,
Onésphore


Gisenyi, 11 Januari 1998

Mdogo wangu Onésphore,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya lori. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mguu ni uleule, watoto wamepona. Wewe kula, usitume kila kitu huku ukabaki mifupa.

Gad alikuja kwangu mwenyewe. Aliniambia mlangoni, hata kuketi hakutaka: "Yaya, hii kanisa ni ya Mungu ama ni ya watu wa Masisi?" Nikamwambia, "Gad, we uko na masikio, lakini huko na macho. Kila Jumapili iko watu wanakaa nyuma karibu na mlango, hawaimbi, hawafungi macho wakati wa sala. Unawajua?" Akasema hawajui. "Mi pia siwajui," nikamwambia.

Ndiyo sababu. Tangu ulipoondoka mambo yamekuwa mabaya zaidi. Watu wenye bunduki wanashuka kutoka milimani, wanauliza nani anaishi wapi. Donc, ndiyo maana mimi sisemi nyumba mbele ya watu. Namwambia mama mmoja sokoni, naye anamwambia mwingine. Ni kweli wengine wanasahaulika, na Gad ni mmoja wao. Hilo ni kosa langu na nitalitengeneza. Lakini kutangaza, hapana.

Pulchérie anacheka, anasema: "Mwambie Onésphore anakata miwa mwaka mzima na sisi tunakunywa chai chungu. Arudi na sukari, asirudi na maneno matupu."

Yaya wako,
Cansilde


Jinja, 22 Februari 1998

Yaya,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi nilikatwa na panga la mwenzangu kwenye goti, linapona polepole.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na sikubali. Kanisa la kunong'onezana sokoni linafanana na magendo ya mpakani. Leo amesahaulika Gad, kesho wenyeji wote wataondoka na tutabaki sisi tunaimbiana wenyewe. Kundi halifi kwa sababu ya maadui tu, linakufa pia watu wakianza kuulizana nani anafichwa nini. Unaogopa watu wachache wanaokaa nyuma, na kwa ajili yao unawapoteza wanaokaa mbele.

Mimi sikusoma sana, lakini kundi nimeachiwa mimi. Jumapili itakayofuata barua hii, simama utangaze nyumba na saa. Anza na nyumba ya Juvénal na Pulchérie kule Cyanzarwe. Wao ni wenyeji, Gad hatakuwa na la kusema. Na uisome barua hii mbele ya kanisa, wajue ni neno langu.

Usinijibu kwa kubishana. Nijibu kwamba umefanya.

Mdogo wako,
Onésphore


Jinja, 31 Mei 1998

Yaya Cansilde,

Hujambo? Watoto hawajambo? Nauliza tu, maana sijapata neno lako tangu mwezi wa pili. Wenceslas amepita hapa mara mbili mikono mitupu. Mara ya pili nilimwuliza habari za Gisenyi, akaanza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida.

Kama umekasirika kwa maneno yangu, kasirika, lakini niandikie. Nimenunua sukari kilo tano. Mwambie Pulchérie.

Mdogo wako,
Onésphore


Gisenyi, 5 Julai 1998

Onésphore,

Tuko hai, wale tulio hai.

Nilitangaza. Nyumba ya Juvénal, Jumatano, saa tisa. Barua yako sikuisoma mbele yao. Nilisema kama neno langu, kwa sababu ulikuwa mbali na sikutaka uchekwe kama mtu anayeongoza kanisa kutoka shamba la miwa. Gad alifurahi, alikuja Jumatano ile na shati lililopigwa pasi.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili. Walikuja kupitia shamba la viazi, wakasema wanataka watu wa Masisi. Pulchérie alisimama mlangoni akiwa ameshika birika. Aliwaambia, "Hapa iko maombi. Vueni viatu, ama mungoje inje." Nadhani alitaka tupate nafasi, kwa maana alisema kwa sauti kubwa, na Gad akatusukuma wote kupitia jikoni hadi kwenye migomba. Tulisikia wakipiga risasi. Juvénal alikuwa amekwenda kuteka maji. Alirudi akamkuta mkewe palepale mlangoni, amekufa.

Ulitaka kanisa lisigawanyike. Sasa sikiliza linavyoongozwa. Kila mtu anamjua mmoja tu wa kumwambia, na huyo anamjua mmoja. Gad ndiye anayenisaidia kupanga ili asisahaulike mtu. Zamani aligomba kwa kutoambiwa, sasa ananiambia, "Yaya, ikiwa hainihusu, usiniambie." Jumapili tunaimba, tunahubiriwa, na saa ya matangazo ikifika tunanyamaza wote, kwa muda uleule yaliochukua matangazo zamani, halafu wimbo wa mwisho.

Juvénal anakaa palepale nyumbani pake. Ameniuliza mara moja tu: "Cansilde, nani alikutuma useme nyumba yangu?" Jina lako sikulitaja. Tangu siku ile hanisalimu. Wote anawapa amani, mimi ananinyima, na lawama hiyo ninaibeba kwa ajili yako, lakini mimi ni mzee, mdogo wangu, na mzigo huu hauna mahali pa kuushika.

Cansilde


Jinja, 9 Agosti 1998

Yaya wangu,

Leo mwaka umetimia tangu niondoke. Sikuulizi hali, ninaijua.

Wenceslas alingoja nikisoma. Alisema, "Pole, nilishindwa kukuambia." Nilirudi shambani nikakata miwa hadi mnyapara akaniambia nipumzike, jambo ambalo halijawahi kutokea kwake.

Uliniambia kuna watu wasiofunga macho, nikakujibu kwa habari za Gad. Usimfiche Juvénal tena. Barua yangu ya mwezi wa pili, kama ungali nayo, mpelekee aisome mwenyewe. Mwambie wewe ulikataa, na mimi nikalazimisha. Akusalimu tena, huo ndio mwanzo.

Mimi narudi. Nimedai ujira wangu, mnyapara amekata nusu, nimemwachia. Nitashuka Gisenyi Jumamosi tarehe 5 Septemba, kabla ya saa tisa. Sitapita kwako. Nitakwenda Cyanzarwe kwa miguu, peke yangu, kwa ile njia ya shamba la viazi, hadi mlangoni pa Juvénal. Nitakuwa na sukari.

Ukishasoma, choma. Kanisani usiseme, hata Gad usimwambie. Siku hiyo na njia hiyo mwambie Juvénal tu, na aamue yeye kama atakuwa nyumbani, au atakuwa njiani, na atakuwa na nini mkononi.

Nitafika.

Mdogo wako,
Onésphore