Matimba ya Karatasini

Jumatatu, 1 Julai

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu wiki iliyopita. Nimeshinda na risiti za mwenye duka la mitumba wa Daraja Mbili. Anaandika mauzo nyuma ya pakiti za sigara, halafu ananiuliza kwa nini hesabu hazikubali. Tangu shirika letu la umma liuzwe na sisi wahasibu turudishwe nyumbani, wateja wangu ndio hao. Silalamiki. Nalalamika kidogo.

Jioni kaka Elifuraha amekuja hapa Sekei na mkungu wa ndizi. Kaka yangu haleti ndizi bure. Amepata mnunuzi wa mgodi wake, mzungu aliyefikia hoteli ya mjini, na anataka mimi niandike thamani ya kampuni. Kampuni! Shimo moja la dhahabu upande wa Ziwa, safari ya siku mbili. Pampu, mashine ya kusaga mawe, pikapu. Lakini imesajiliwa na ina muhuri, kwa hiyo ni kampuni.

Nikamuuliza haraka ya nini. Akatazama ndizi zake. Benki inataka mkopo wake mwisho wa Agosti. Dhamana ni kihamba.

Kihamba cha baba, kule juu Poli. Migomba, kahawa, nyumba, makaburi ya wazazi. Kwa mila yetu nyumba ya baba hurithiwa na mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho ni mdogo wetu Kaanaeli, si Elifuraha. Hati ina jina la Elifuraha kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajua njia ya ofisi ya ardhi. Nikauliza kama Kaanaeli alikubali. "Anajua," akasema. Kujua na kukubali si ndugu. Nimekasirika mpaka nimeunguza uji.

Jumatano, 3 Julai

Nimeonana na mzungu. Mrefu, ana mafua, anailaumu Arusha kwa mafua yake. Hataki kusikia habari ya dhahabu iliyoko chini. Anasema kila mwenye shimo amemwambia chini kuna mlima wa dhahabu. Anataka faida tu.

Njia yake ni hii. Chukua faida ya mwaka kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Zidisha mara nne; kwa shimo dogo hatoi zaidi. Hiyo ndiyo thamani ya biashara nzima, bila kujali nani anaidai. Kisha toa deni la benki, ongeza fedha iliyomo. Kinachobaki ni cha wenyewe. Ni kama kununua ng'ombe aliye rehani: kwanza bei ya ng'ombe, kisha anayemdai mwenye ng'ombe, mwisho mwenye ng'ombe.

Nimeipenda kazi hii. Afadhali kuliko pakiti za sigara.

Jumamosi, 6 Julai

Faida milioni thelathini. Mara nne, mia na ishirini. Deni la benki tisini, fedha iliyomo mbili. Benki inalipwa yote, hati ya kihamba inarudi, na kaka anabaki na milioni thelathini na mbili. Nimenunua nyama.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mwaka juzi faida ilikuwa kumi na nane, na dhahabu iliyouzwa ni karibu ile ile. Faida imepandia wapi?

Jumapili, 7 Julai

Baada ya ibada nimepanda kihambani. Kaanaeli yuko likizo. Yeye ndiye msimamizi wa shimo. Amekonda, shingo imekuwa ya kuku. Mkewe Ruthi alipika ndizi za nyama, Kaanaeli akala sahani mbili bila kuinua kichwa.

Nikamuuliza habari ya faida. Akacheka. "Dada, mwaka mzima hatujanunua matimba." Matimba ni miti ya kushikilia kuta na paa la shimo. Wanaing'oa ile ya nyuma, wanakotoka, wanaisimika mbele, wanakokwenda. Nyuma panabaki wazi. Pampu nayo imefungwa kwa mpira wa tairi. Kaka anawaambia wasubiri mauzo.

Wakati naaga akanisindikiza hadi mferejini. Akasema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Kwenye hesabu yako, yaweke."

Jumatatu, 8 Julai

Nimeyaweka. Matimba na vipuri vya pampu, kwa bei za mwaka juzi: milioni kumi na mbili. Faida ya kweli kumi na nane, kama ilivyokuwa. Mara nne, sabini na mbili. Ongeza mbili za fedha, sabini na nne. Deni tisini. Pengo, milioni kumi na sita.

Kila shilingi aliyoibana kwenye miti ingemrudia nne kutoka kwa mzungu. Sijui niuite ujanja au shida. Hesabu iko sawa. Naijua hesabu iliyo sawa, na hii naichukia.

Alhamisi, 11 Julai

Ugomvi. Elifuraha ameisoma karatasi akiwa amesimama. "Ndeshi, unamhesabia mzungu au unatuhesabia sisi?" Nikamwambia mzungu atapeleka fundi wake shimoni na ataona mwenyewe. Akasema mzungu hana mpango wa fundi, anaamini karatasi yenye muhuri. Akasema tena, kwa upole huu wake unaoniudhi kuliko kelele: akishanunua, matimba ataleta wiki ya kwanza, pesa anazo. Tatizo liko wapi?

Nusura nikubali. Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nusura. Kisha nikakumbuka Kaanaeli pale mferejini. Sikubadilisha hata tarakimu moja. Kaka ameondoka bila kunywa chai. Kwetu hayo ni matusi.

Ijumaa, 19 Julai

Mzungu amekubali sabini na mbili. Amenipa mkono, amesema hii ndiyo karatasi ya kwanza aliyoiamini katika mji huu. Nikavimba kichwa, tena barabarani, peke yangu.

Mchana benki. Ofisa mwenye miwani kakohoa tu. Sabini na nne si tisini. Hati ya kihamba haitoki mpaka pengo lijazwe. Mzungu atasubiri hadi mwisho wa Agosti, haongezi kitu. Kichwa kimenywea.

Jumapili, 21 Julai

Kikao kihambani. Nimefika wameshakubaliana. Watachimba zamu mbili, usiku na mchana, wajaze pengo kabla ya Agosti kwisha. Nikauliza, na matimba? Elifuraha akasema kila mti wanaonunua unaongeza pengo. Nikamtazama Kaanaeli, nikitegemea aseme neno.

"Mwezi mmoja tu, dada. Kihamba ni changu."

Ruthi aliinuka akaenda kumpa ng'ombe majani, na ng'ombe alikuwa ameshakula. Nikawaambia kwenye karatasi yangu matimba yapo, yamelipiwa, ya mwaka mzima, na shimoni hakuna. Nilipaswa kupiga kelele mpaka majirani waje. Nikanywa chai.

Jumanne, 6 Agosti

Dereva wa lori ameleta salamu. Wamekutana na mawe mazuri, yenye dhahabu nyingi. Pengo limebaki milioni tisa. Elifuraha amenunua viatu vipya, anapita navyo mjini kama bwana harusi. Nimemwombea Kaanaeli asubuhi, mchana na jioni, mimi ambaye kanisani huwa nasinzia. Usingizi haupo.

Jumamosi, 10 Agosti

Pengo tano. Nimeandika hesabu za duka la mitumba nikakosea kujumlisha.

Jumatano, 14 Agosti

Simu ya upepo, ofisini kwa kaka. Mimi nilikuwa pale nimefuata ada yangu. Sauti inakatika, inarudi. Shimo limeporomoka sehemu ya nyuma, pale palipong'olewa miti. Wawili wametolewa, wazima. Kaanaeli bado.

Elifuraha alikuwa anaendelea kubonyeza kitufe cha redio na kule hakuna mtu.

Alhamisi, 15 Agosti

Wamempata.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumemzika. Pikapu ya kampuni ndiyo iliyomleta, ile ile niliyoiandika kwenye orodha ya mali. Tarumbeta za kanisa. Kaburi kando ya baba, katikati ya kahawa. Wazee wamepanda masale pembe zote nne, majani yale yale tunayopanda kwenye mipaka.

Watu wakiwa bado wanamwaga udongo, kaka alinisogelea. "Ungeandika nilivyokwambia, mzungu angekuwa ameshaleta miti." Hakusema kwa siri.

Jibu nimelitafuta njia nzima hadi Sekei. Labda ni kweli. Labda mzungu naye angesema tusubiri. Aliyebana miti ni yeye, aliyeniomba niandike ukweli ni marehemu. Vyote hivyo ninavijua na havinisaidii. Namchukia kaka. Namkasirikia Kaanaeli kwa kushuka. Kalamu nimeitupa, halafu nimeiokota ili niandike haya.

Alhamisi, 29 Agosti

Mzungu amerudi kwao. Aliacha barua ya pole, nzuri. Serikali imefunga shimo. Hakuna faida, kwa hiyo hakuna cha kuzidisha mara nne. Kampuni ni pikapu na muhuri.

Benki imechukua zile milioni za mawe mazuri kama sehemu ya riba. Imetangaza mnada wa kihamba. Ruthi na watoto wawili, waende wapi? Nilimwuliza ofisa wa miwani. Alisema anasikitika, akafuta miwani.

Ijumaa, 27 Septemba

Mnada. Dalali amekuja na kengele na shati jeupe, akasimama uani. Majirani wote walikuwepo, hata wasio na senti. Kihamba chetu kina maji ya mfereji na wapo walioanza kukitamani tangu baba yuko hai. Nilipowaona wamejipanga pale nikawachukia mmoja mmoja, kwa majina.

Dalali akaanza milioni ishirini. Kimya. Kumi na tano. Kimya. Mzee wa jirani akainua mkono, dalali akamrukia na kengele. Mzee akasema alikuwa anafukuza nzi. Kumi. Nane. Watu wanatazama miguu yao. Ndipo nikaelewa wamekuja kufanya nini, na aibu ikanishika.

Akabaki mmoja, mfanyabiashara wa mjini mwenye gari zuri. Akaomba kuonyeshwa mipaka. Akatembezwa: mfereji, masale ya upande wa juu, kahawa. Akafika kwenye masale mengine, madogo, na udongo ambao haujaota kitu bado. Akauliza hapa ni kaburi la nani.

Ruthi alikuwa nyuma yake, kanga kichwani. "La mwenye kihamba," akamwambia.

Yule bwana alivua kofia. Akampa Ruthi pole, akarudi kwenye gari lake. Ni mtu wa kwetu kumbe, wa mlimani. Hakuna wa kwetu anayenunua kaburi bichi. Dalali akafunga ulimi wa kengele kwa leso usilie njiani.

Jumapili, 6 Oktoba

Jua kidogo. Mlima wote uko wazi.

Ofisa wa benki amesema watajaribu tena mwakani. Mwakani ni mbali. Nimepanda kihambani kumsaidia Ruthi kuchuma kahawa.

Saa ya chai Elifuraha akatokea langoni. Viatu vya zamani. Mkononi ana jani la sale. Kwetu ukiletewa jani hilo na aliyekukosea, hukatai msamaha. Wazee hawakukataa hata kwa damu iliyomwagika. Hakuingia. Ruthi alimwacha asimame pale kwa muda mrefu. Akamaliza kumwaga kahawa kwenye debe, akanawa mikono, ndipo akaenda akalipokea. Akalipeleka kaburini akalichomeka upande wa kichwa. Akarudi. "Shemeji, ingia unywe chai."

Akaingia. Tulikaa benchi moja, mimi na yeye. Chai aliinywa yote.

Na mimi nilikuwa na jani langu. Nilikuja nalo kutoka Sekei, ndani ya mkoba, limekunjwa kwenye leso, na tangu asubuhi nilikuwa sijui nimpe nani. Nilipokwenda kuweka debe nikapita kaburini. Nikalichomeka kando ya lile la kaka. Kisha nikarudi kwenye kahawa. Tulichuma nyekundu tu, mbichi tukaziacha mtini.