Mafuta Niliyomlisha Mama Mkwe

Jumanne, 3 Machi
Nasahihisha kopi za mtihani wa mwaka wa nne. Swali rahisi: utando unaozunguka seli umejengwa hasa kwa kitu gani? Mafuta. Nimesema, nimechora ubaoni, nimerudia. Wengine wameandika maji. Mmoja kaandika ngozi ya ng'ombe.

Nikiwa bado nasahihisha, mama mkwe aliingia jikoni amevaa viatu vya mume wangu. Aliniuliza mara tatu kama nimemwona yule binti wa Walikale anayemwibia chumvi. Binti huyo ni mimi. Nikamjibu sijamwona.

Lakini anakula. Miaka kumi na tisa alikataa chungu changu. Siku niliyofika hapa Masisi kama bibi arusi, alichukua bidoni, dumu zima la mawese, niliyopewa na baba akaimwaga yote kwenye migomba. Mafuta ya watu wa pori, alisema. Sasa anakula sombe yangu, majani ya muhogo kwa mawese, mpaka analamba vidole. Nafurahi. Si upendo. Ni ushindi.

Alhamisi, 5 Machi
Wifi yangu Esperanse amefika kutoka Kirotshe, kule ziwani, bila kutuarifu. Alimkuta mama yake na mafuta mekundu kidevuni. Hakunisalimu. Alifunua chungu, akanusa, akafunika. Mume wangu Bahati ghafla akakumbuka kazi ya shambani.

Jumamosi, 7 Machi
Kikao cha familia. Wajomba wawili, Bahati, Esperanse. Mimi nimekaa karibu na mlango kama mshtakiwa.

Esperanse alisimama. "Mama alikuwa na akili yake yote. Ameanza kula mafuta ya huyu mwanamuke, sasa hanijue hata mie mutoto wake."

Nikasema ni ugonjwa wa wazee, una jina, niliusoma shuleni. Hapo ndipo aliponinasa. Noeli tulipokuwa mezani nilijigamba mbele yao wote. Niliwaeleza kwamba ubongo una mafuta mengi, na kwamba mafuta tunayokula, hata ya mimea, yanaingia katika kuujenga. Alilishika kila neno.

"Mwalimu, njo weye ulisema. Mafuta tunakula inajenga bongo. Sasa ya mama umeijenga namna gani?"

Bahati alitazama miguu yake. Mume wa miaka kumi na tisa, hana neno hata moja.

Wamemchukua mama mkwe. Akiwa juu ya pikipiki alinipungia mkono kama mtu anayeaga mgeni. Namchukia Esperanse. Leo namchukia Bahati zaidi.

Jumapili, 8 Machi
Sikwenda kanisani. Nyumba tulivu. Nilidhani nitapumua.

Jumatano, 11 Machi
Somo la utando tena, darasa lingine. Katikati ya mchoro nikaweka chaki chini. Je, kama Esperanse anasema kweli?

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Mvua za mwaka juzi mama mkwe alipotea njia ya shamba alilolilima tangu ujana. Akaanza kutia chumvi kwenye chai. Wakati ule alikuwa bado anajipikia mwenyewe, kwa mafuta ya ng'ombe. Chungu changu alikuja kukigusa baadaye, aliposahau kwamba ananichukia. Ugonjwa ulitangulia. Mawese yakafuata.

Najua hivyo. Hofu haijui.

Ijumaa, 13 Machi
Nimeteremka mpaka Kirotshe kumwona daktari. Mwanamke wa makamo, mchovu, hasemi neno la ziada. Nilimweleza yote, hata kujigamba kwangu. Kasema ni kweli seli za ubongo zimefunikwa na utando wa mafuta, na ugonjwa huu unauharibu. Watu wa sayansi bado wanatafuta kama mafuta fulani ya mimea yanasaidia. Hawajamaliza.

"Mawese yako haikumuletea ugonjwa, Mama. Na haitamuponyesha. Mumulete nimuone."

Nilitoka nikiwa mwepesi, kisha nikakasirika. Hata kuponya hayawezi. Kumbe sehemu yangu moja ilikuwa inatamani yamponye, ili niwaonyeshe.

Nikapitia kwa Esperanse. Kupitia mlangoni nilimwona mama mkwe mbele ya sahani ya viazi vikavu, havijaguswa. Mashavu yameingia ndani. Nikasema, "Umupeleke kwa daktari." Esperanse akafunga mlango usoni pangu.

Alhamisi, 19 Machi
Esperanse amempigia Bahati simu. Mama hataki kula. Jana alitoka peke yake, wakamkuta ndani ya ziwa, maji kiunoni, anatafuta njia ya shamba. Bahati amelia. Akaniomba niende kumchukua.

Nimekataa. Aliyemchukua amrudishe.

Jumatatu, 23 Machi
Wamerudi. Esperanse ana karatasi ya daktari mkononi. Ameambiwa yale yale niliyoambiwa mimi. Ameongezewa moja: mgonjwa ale anachokubali kula.

Hakuomba msamaha. Nami sikumpa kiti. Nikamwambia Bahati, Esperanse akisikia, "Chungu ni changu. Mwenye neno juu yake, aliseme leo."

Kwa mara ya kwanza Bahati alifungua kinywa. "Hakuna mwenye neno."

Esperanse alisema tu, "Mupikie." Akageuka kuelekea barabarani, mabega yakitetemeka. Niliona. Sikumfuata. Sijutii.

Mama mkwe alikula vijiko vinne. Kisha akanisukumia sahani na kuniita mwizi.

Jumapili, 29 Machi
Wote wako kanisani. Nimebaki naye uani. Mvua imekatika, kilima kizima kinatoa mvuke.

Nilimwekea ungo wa maharage tuchambue pamoja. Mikono yake bado ina kasi ya zamani. Anachukua zuri, anatupa. Anachukua bovu, anaweka upande wa mazuri. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la baba yangu. Akasema hamjui, lakini lazima ni mtu mwema, maana amenifundisha kazi.

Sikumsahihisha. Akisinzia nitayachambua upya.