Jumamosi Nakuja Kumwombea Yona

Baba,

Shikamoo. Naitoa huku nimekasirika, lakini naitoa, maana wewe ni baba yangu. Mgongo unaendeleaje? Mahindi ya huko Kidete yamepona na mvua? Mimi ni mzima, bado napika kwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi.

Nimeandika kwa sababu nikipiga simu na kumtaja Yona, unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haina mtandao wa kusingizia.

Baba, mlimzika mdogo wangu kama mzoga. Nasema mlimzika, lakini namaanisha wewe. Alipojitoa uhai, wazee wa kanisa walikutazama wewe mwinjilisti wao, ukasema kengele isipigwe. Shangazi Rehema alipoanza kuimba kaburini ukamgeukia: “Nyamaza! Huyu hakufa kifo cha kuimbiwa.” Tukafukia kimya kimya, tukarudi nyumbani kama watu waliotoka kuiba.

Na kabla ya hapo? Tangu mkewe afariki akijifungua, Yona alikuwa hali, halali. Nilikuwepo likizo siku aliyokwambia, “Baba, nimechoka kuishi.” Ukamjibu kwamba huzuni ni kukosa imani, afunge na kuomba. Mtu hali chakula, Baba, unamwambia afunge!

Nilirudi huku nikiwa nimemalizana na Mungu wako. Nilikuwa naunguza wali, nagombana na wateja, nalia stoo. Mama Neema, anayefua mashuka pale kazini, akanikuta humo. Hakunihubiria. Aliniambia tu, “Jumatano tuna maombi ya kina mama. Njoo ukae, si lazima useme kitu.”

Nikaenda. Walipoanza kusifu nikashindwa kuvumilia, nikasimama nikapiga kelele, “Mimi simsifu! Mungu alikuwa wapi ndugu yangu alipokuwa anakufa?” Nikadhani watanitoa nje. Mchungaji wao, mzee mpole, akasema, “Basi usimsifu. Mwambie hayo hayo, anasikiliza.” Nikamwambia Mungu yote, Baba, hata maneno ambayo ungenichapa kwa kuyatamka. Hakuna aliyenikemea. Mama Neema alinishika kiuno ili nisianguke.

Baadaye nikamuuliza mchungaji, “Ndugu yangu yuko motoni?”

Akasema, “Kiti cha kuhukumu si changu. Ninachojua ni kwamba Yesu huwagusa watu ambao wengine wanakataa kuwagusa. Alikuwa anaitwa nani?”

Tangu msiba hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kuniuliza hivyo. Jumapili iliyofuata alimtaja Yona mbele ya watu wote, akamshukuru Mungu kwa maisha yake, akamweka mikononi mwa Yesu. Nililia mpaka kitenge kikalowa. Siku hiyo nilikula nikashiba, nikalala. Siku hizi naomba tena. Siku nyingine naomba kwa kufoka, lakini naomba, na lile jiwe lililokuwa kifuani limepungua uzito.

Hasira juu yako ndiyo haijaisha. Nayo nimemwambia Mungu.

Jumamosi nakuja na mchungaji na Mama Neema. Ijumaa tutapitia Kilosa, tulale kwa mama mdogo, asubuhi yake tuje huko. Tutaomba kwenye kaburi la Yona. Sikuombi ruhusa, nakupa taarifa.

Shangazi ameniambia kitu, usimgombeze. Anasema unakwenda kupalilia lile kaburi unapodhani watu wako shambani. Nilivyosikia nilizidi kukasirika. Kumbe unampenda! Sasa unamficha nani? Wazee wa kanisa? Wao hawakumzaa.

Msalimie shangazi Rehema, na jirani yetu Mzee Chilongola aliyechimba kaburi bila kuombwa. Mjukuu wako Tumaini, mtoto wa kwanza wa Yona, mwambie mimi shangazi yake namletea viatu. Nasikia akimtaja baba yake anakanywa. Baba, acheni hilo leo, msisubiri nifike.

Siji kukuaibisha. Nilikuwa nimebeba msiba huu peke yangu, watu wakanisaidia kuutua. Wewe bado umeubeba, mgongo wenyewe huo mbovu. Njoo makaburini usimame na sisi. Ukishindwa kuomba, mimi nitaomba, wewe itikia amina.

Ni mimi mwanao,
Eliza